Baki ya Alasiri na Usipa wa Bibi Agata

Siku waliyoniaga ofisini, mwalimu kijana wa darasa la tatu aliniuliza mbele ya watu: "Mwalimu Edith, hiyo Baki unayoisifia kila siku, ilikuwa inafundisha nini hasa?" Nilikuwa na soda mkononi na pilau mbele yangu, nikamwambia nitamwandikia. Nimetimiza ahadi, na wengine someni mkipenda. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Vyote viwili vilinijia kwa kuchelewa, na nyie mtakuja kuvingoja wenyewe.

Nilifika shule ile ya ziwani nikiwa nimetoka chuo juzijuzi, na sanduku la bati na viatu vya kisigino ambavyo mchanga ulivikataa siku hiyo hiyo. Lori lilitushusha kutoka Mbinga kwa kona zile za mlimani, halafu ziwa likafunguka mbele yetu, nikapumua. Mimi ni Mnyasa, watu wetu ni wa upande wa Kihagara, kwa hiyo harufu ya usipa, dagaa wetu wa ziwani, unaoanikwa ilinipokea kama nimefika kwa mama mdogo. Mwalimu mwenzangu niliyesafiri naye, mtu wa Songea, aliziba pua kwa leso. Alihama kabla mwaka haujaisha.

Mwalimu mkuu alikuwa Mwalimu Kapinga, Mmatengo wa Mpepai, mrefu, mwenye koti la kahawia ambalo hakulivua hata kwenye joto la Novemba. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akafungua kabati. Nilidhani atanipa chaki na kitabu cha mahudhurio. Akanipa kamba ya katani iliyokatwa urefu wa watoto wawili kuizungusha na mmoja kuiruka.

"Chaki utazikuta darasani, zikiwepo," alisema. "Hii ndiyo itakayokusaidia kuanzia saa tisa."

"Saa tisa si watoto wanakwenda nyumbani, Mwalimu?"

"Nyumbani kwa nani?" akauliza. Nikaliona swali la kijinga, mpaka wiki ile ile nilipoanza kutembea kijijini alasiri.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Huko juu Mbinga wanunuzi wa kahawa binafsi walikuwa wameanza kuingia, na huku kwetu malori yakaanza kushuka kutafuta samaki. Kitu ambacho zamani kililiwa nyumbani au kuuzwa kwa jirani, sasa kilikuwa na bei na mtu wa kukingoja. Kina mama walishinda kwenye vichanja vya kuanikia, kina baba walikuwa ziwani au wamelala baada ya kutoka ziwani. Mtoto akirudi saa tisa alikuta mlango umefungwa kwa kamba na sufuria tupu. Wengine waliishia kwenye malori, wakipanda na kushuka, wakiwatumikia matingo na kujifunza maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa kuwa mama yangu bado anasoma.

Na sisi walimu hatukubaki nyuma katika ruksa hiyo. Tuisheni ilikuwa imeingia. Mwenzetu mmoja aligundua kwamba somo la sehemu likifundishwa vibaya asubuhi linalipiwa vizuri jioni. Mwingine aliwauzia maandazi watoto wale wale aliowakatia mapumziko. Siwalaumu sana, maisha yalikuwa magumu. Lakini Mwalimu Kapinga alikataa tuisheni ya kulipia katika majengo ya shule. Alisema mtoto asiyeweza kulipa ndiye yule yule ambaye nyumbani hakuna mtu, na huyo ndiye anayemtaka abaki. Hapo ndipo watoto walipozipa jina alasiri hizo za kubaki shuleni. "Leo kuna Baki?" walikuwa wanaulizana. Hakuna aliyekaa kikao cha kulitunga.

Sasa nimjibu yule kijana. Baki ilikuwa na uji wa muhogo uliopikwa kwenye sufuria kuukuu iliyozibwa tundu kwa bati. Ilikuwa na rede, kombolela, mpira wa matambara, na ngoma moja ya mganda ambayo wavulana waliipiga huku wakitembea kwa mstari kama askari waliosahau vita viko wapi. Wasichana walicheza kioda walivyowaona mama zao. Baadaye, jasho likikauka, vitabu vilitoka. Mkubwa alimsomea mdogo, mdogo akamsomea mkubwa, nami nilipita katikati nikijifanya sisikilizi. Darasani asubuhi ilikuwa Kiswahili tupu, na mtoto ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado kichanga alijificha nyuma ya mwenzake. Kwenye Baki waliruhusiwa kuuliza kwa Kinyasa. Niliwasikia wakielezana ugawanyaji kwa lugha ya nyumbani, wakigombana, wakielewana, na kesho yake mkono uliokuwa haunyooki ukanyooka. Hicho ndicho ilichofundisha. Pia ilinifundisha mimi kutazama. Anayekunywa uji kwa haraka mno, anayecheza peke yake, anayechelewa kuondoka wakati wenzake wameshatawanyika: hao wote wanakueleza jambo, na asubuhi ukiwa na ubao mgongoni huwezi kuliona.

Mwalimu Kapinga mwenyewe alikuja kila alasiri na koti lake. Alicheza bao na watoto na alikasirika kweli akifungwa. Kinyasa alikuwa anakiokoteza tu. Watoto walimfundisha maneno kwa makusudi mabaya, akayasema kwa wazazi, nikawa nakimbia kwenda kurekebisha. Nilijifunza ualimu kwa mtu huyo kuliko chuo kizima.

Aliyekuwa anachelewa kuondoka mwaka ule ni Oliva, msichana wa darasa la sita. Alikuwa anaishi na bibi yake, Bibi Agata, mama yake akiwa ameolewa mbali, na baba yake hajulikani. Oliva hakuwa mjinga wala mtundu. Alikuwa kimya, kimya cha mtu anayengoja kuitwa. Kwenye Baki alianza kwa kushika kamba tu, akizungusha wenzake waruke. Baada ya muda akaruka. Kisha akapewa upawa wa uji. Hapo ndipo nilipomsikia kwa mara ya kwanza akicheka kwa sauti, akimfukuza mvulana aliyepanga foleni mara mbili.

Halafu akaacha kubaki. Kengele ya saa tisa ikilia, anakimbia. Nikamfuata hadi kwao. Bibi Agata alikuwa ameketi kwenye mchanga karibu na kichanja chake cha matete, fimbo mkononi, akipigana na kunguru.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumdai huyu?" Alinyoosha fimbo kwa Oliva aliyekuwa anageuza usipa. "Miguu yangu imekwisha. Usipa usipogeuzwa unaoza, usipolindwa unaliwa. Na lori lile la Mbinga, mke wa mwenye lori anatafuta msichana wa kazi. Amesema Jumamosi mojawapo atamchukua. Huko atakula, na mimi nitatumiwa chochote. Hapa nitamfanyia nini?"

Alisema bila ukali hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Nilikuwa nimeshawaona wasichana waliopanda lori kwenda kufanya kazi za ndani mjini. Hakuna niliyemwona akirudi kumaliza shule.

Nilimweleza Mwalimu Kapinga. Alisogeza kete ya bao ambayo haikuwa zamu yake kuisogeza, kisha akasema Baki itahama. Vichanja vilikuwa chini tu ya kiwanja chetu. Kuanzia kesho yake watoto wangekaa kule mchangani na vitabu vyao, nusu wakisoma na nusu wakigeuza samaki na kufukuza kunguru, kwa zamu. Samaki wa Bibi Agata, na wa kila mama atakayependa. Alikwenda mwenyewe kuzungumza na Bibi, mimi nikiwa mkalimani.

"Usipa wangu ukipotea?" Bibi aliuliza.

"Hautapotea."

"Ukipotea, Mwalimu, usije tena hapa kunizungumzia habari za shule. Mtoto atapanda lori."

"Hautapotea, Bibi," akarudia. Mmatengo akikuahidi jambo, hata uso wake unaingia kazini.

Ikaenda vizuri. Niseme kweli, ilikuwa miezi mizuri kuliko yote niliyofundisha. Kina mama walipata nafasi ya kukaa kivulini na kusukana. Watoto walisoma kwa sauti kushindana na mawimbi. Hesabu za eneo nilizifundishia kwenye vichanja, na hakuna aliyesahau kanuni kwa sababu kila mmoja alikuwa ameshazunguka kichanja mara nyingi akifukuza kuku. Oliva alirudi kwenye upawa wake.

Kisha ikaja mvua.

Ilikuwa Alhamisi, na kina mama wengi walikuwa wamekwenda kwenye maziko kijiji cha pili, wametuachia samaki kwa imani. Wingu lilitokea ng'ambo ya ziwa, jeusi, likilivuka kwa haraka ya mtu anayedai. Mwalimu Kapinga alisimama, akavua koti. Sikuwahi kumwona bila koti. "Wote!" alipiga kelele. "Ungo, sufuria, kanga, mashati, chochote! Pelekeni darasani!"

Hapa lazima niwaeleze wale ambao si wa kwetu. Huko milimani kwa Wamatengo, kazi ya shamba hufanywa kwa kikundi. Wanakusanyika, wanachimba mashimo ya shamba lako leo, kesho la mwenzako, na anayekuja na jembe haulizi mpaka wa nani uko wapi. Mtu aliyekulia hivyo akiona mvua, anaokoa kwanza, na mambo ya mwenyewe ni nani yatazungumzwa baadaye. Kwetu ziwani kichanja ni kama kitanda. Huwezi kugusa usipa wa mtu bila yeye kukuambia. Watoto walijua, kila mmoja aligeuza pale alipopewa ruhusa. Nilifungua mdomo nimwambie Mwalimu Kapinga watenge, kila kichanja na kona yake. Mvua ikafika kabla ya sauti yangu. Watoto waliingia darasa la nne wakikimbia, wakamwaga chini, wakatoka, wakamwaga tena juu yake. Mvua ilipotulia kulikuwa na lundo moja katikati ya sakafu, usipa wa kijiji kizima, mkavu na mbichi, wa mwenye vichanja vingi na wa mwenye kimoja.

Mwalimu Kapinga alilitazama akiwa amelowa, akitabasamu. "Hakuna hata mmoja uliopotea," akaniambia kwa fahari.

Jua lilirudi mapema kuliko kina mama, na hilo lilikuwa jambo la kushukuru, ila samaki waliolundikwa hupata joto upesi. Kina mama walipofika mlangoni walilichungulia lundo. Kisha wakaongea wote.

Mama Skola, ambaye ndiye aliyekuwa na vichanja vingi, alishika kiuno. "Wangu uko wapi? Wangu ulikuwa umeshakauka! Huu mbichi wa nani umeniharibia?"

"Wa kwako ulikauka lini, Mama Skola? Jana si uliuleta unatiririka maji?" mwenzake alimjibu.

"Nani kamwambia huyu mtu wa milimani samaki ni mahindi, unamimina tu?" akadakia mwingine.

Mwalimu Kapinga alinigeukia. "Wanasema nini?"

"Wanashukuru kwa kuokoa," nilisema. "Ila wana maswali." Nilimtafsiria hivyo hivyo, nusu nusu, mpaka Bibi Agata alipofika akijikokota na fimbo yake. Yeye hakupiga kelele. Alilitazama lundo, akamtazama mwalimu mkuu, akaongea Kiswahili ili asihitaji mkalimani.

"Mwalimu, ulisema hautapotea. Sasa nionyeshe, wangu ni upi?"

Mwalimu Kapinga akainama kama mwanafunzi.

"Basi," alisema Bibi. "Lori linakuja keshokutwa."

Nilimtafuta Oliva kwa macho. Alikuwa amesimama kwenye kona, kanga yake imelowa, na nilijua amesikia.

Mnakumbuka nimesema alikuwa mshika upawa. Kwenye Baki kulikuwa na desturi moja ambayo watoto waliishika kuliko sheria zote za shule: anayegawa uji anakunywa mwisho, kitakachobaki. Kwa hiyo hakuna aliyegombea upawa, na hakuna aliyelalamika kapunjwa. Oliva alichukua ungo ukutani. Akaja mbele, akapiga goti kwa kina mama kama inavyotakiwa, akaanza kusema kwa Kinyasa.

"Mama zangu, samaki wanapata joto. Wote mnajua nani ana vichanja vingapi. Niruhusuni nigawe. Anayegawa anachukua mwisho."

"Utatugawia wewe, mtoto?" Mama Skola aliuliza.

"Ndiyo, mama. Bibi yangu atapata kitakachobaki."

Kina mama walitazamana. Bibi Agata aliegemea fimbo yake, akangoja.

Oliva alianza. Aliwaita kwa majina ya watoto wao, Mama Skola kwanza, na kwa kila kichanja akamjazia ungo, si wa kulegea bali wa kushindiliwa. Akaenda kwa anayefuata. Watoto wa Baki walipanga mstari bila kuambiwa, wakawa wanabeba kwenda kuanika upya, wengine wakichambua wabichi kutoka wakavu njiani. Hakuruka mtu, hakumpendelea mtu. Nilimwangalia akifanya kile nilichokuwa nimemwona akifanya kila alasiri kwa uji, na nilianza kulia, nikajifanya ni moshi, ingawa hapakuwa na moto popote.

Alipomaliza kuwagawia kina mama wote, sakafuni palibaki kidogo, waliovunjika vichwa, wamechanganyika na vumbi la chaki. Hawakujaza hata nusu ya ungo. Aliwazoa kwa mikono, akawapeleka mbele ya bibi yake, akapiga goti tena.

Mama Skola alikuwa wa kwanza kusogea. Alizoa konzi mbili kutoka kwenye ungo wake wa mwisho akammiminia Bibi Agata, akaguna, "Nina mdomo mimi, lakini sina roho hiyo mnayodhani." Mwingine akafuata, na mwingine. Sijui Bibi alipata pungufu au zaidi ya ule wa kwake. Hakuna aliyepima. Aliushika ungo, akauweka kichwani, akaondoka na fimbo yake bila kumuaga mtu kwa neno lolote, wala la lori.

Ijumaa Oliva hakuja shuleni, na nilijiambia anageuza samaki. Jumamosi nilisikia lori likiteremka, nikasikia likipakia, nikasikia likipanda mlima. Nyumba yangu ilikuwa karibu, ningeweza kwenda kuangalia. Sikwenda. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Jumapili kanisani Bibi Agata hakuonekana, na sikuthubutu kumuuliza mtu.

Jumatatu watoto walijipanga mstarini kama kawaida. Nilitazama mstari wa darasa la sita kuanzia mbele hadi nyuma, kisha kuanzia nyuma hadi mbele. Hakuwepo. Mwalimu Kapinga alikuwa na koti lake, lilikuwa limesinyaa kwa mvua ile, mikono imekuwa mifupi. Naye nilimwona akiutazama mstari ule ule. Wimbo wa taifa uliimbwa. Usafi ukakaguliwa. Watoto wakaanza kuingia madarasani, na moyo wangu ukawa mzito kama nimemzika mtu.

Ndipo akatokea kwenye kona ya jengo, mbio, miguu imejaa mchanga, mikono inang'aa magamba ya samaki. Alisimama mbele ya mwalimu mkuu, ambaye alikuwa hasamehi mchelewaji hata awe mtoto wa diwani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umechelewa."

"Ndiyo, Mwalimu. Bibi alisema nimalize kwanza kugeuza." Alivuta pumzi. "Na amesema nije Baki kila siku. Lakini amesema usipa wake, wewe Mwalimu, usiuguse tena."

Mwalimu Kapinga aliitazama mikono ile yenye magamba. Kisha akacheka, kicheko kikubwa kilichowaleta watoto madirishani, akafuta uso kwa mkono wa koti lile fupi. "Mwambie nimesikia," alisema. "Nenda darasani."

Alikimbia kunipita, harufu yote ya ziwa ikabaki kwangu. Nilikuwa na kipindi cha kwanza na darasa lake. Nilikaa kwanza kwenye ngazi, ndipo nikaingia kufundisha.